Makaburi ya Ujiji na kalamu za magazetini

Sifa zote njema zinamstahikia Allah (s.w.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake na Sahaba zake wote. Ama baad.

Alitujia kijana mmoja baada ya sala ya alasiri, mkononi ana bahasha ya kaki. Ndani yake mlikuwa na kipande cha gazeti la miaka mingi, kimekunjwa mara nne hata maandishi ya kwenye mikunjo yamefutika. Ilikuwa ni moja ya zile makala za historia ya miji na koo zake ambazo magazeti yetu ya Kiswahili yamekuwa yakizichapa kwa vipindi tofauti. Mwandishi alikuwa amemtaja babu wa babu yake kijana huyo kwa jina na kwa nisba ya Kiarabu, akasema kuwa amezikwa katika makaburi ya zamani ya Ujiji, upande wa miembe, na kuwa upande ule wote ni wa ukoo huo. Kijana alitaka tumwandikie barua ya kuthibitisha hayo, kwa sababu ukoo umekusudia kuuzungushia ukuta upande ule kabla watu wengine hawajaujaza.

Tulimwomba atuachie kile kipande kwa siku chache. Na katika siku hizo tulitoa sandukuni kata nyingine za magazeti tulizozikusanya na tulizorithi kwa wenzetu waliotangulia, tukazisoma upya kwa jicho tunalolitumia tunaposoma vitabu vya wapokezi wa hadithi. Haya tunayoyaandika ndiyo matunda ya usomaji huo. Tunayaandika kwa sababu kijana yule si wa kwanza wala hatakuwa wa mwisho. Wazee wanaondoka, makaburi hayana majina, na kipande cha gazeti kinageuka kuwa hati.

Kwanza tuwape haki yao waandishi hawa. Kazi ya kuhifadhi habari za waliozikwa mahali fulani si bidaa iliyoletwa na magazeti. Wanachuoni wa Misri waliandika vitabu vizima kuhusu makaburi ya Qarafa pale Cairo, kaburi baada ya kaburi, njia baada ya njia. Mashuhuri katika hao ni Ibn al-Zayyat, aliyefariki mwaka 814 H, ambaye kitabu chake kinamchukua msomaji kwa mkono na kumwambia huyu ni nani, alisoma kwa nani, na kaburi lake linapakana na la nani. Huku kwetu, Sheikh Abdallah Saleh Farsy (Allah amrehemu), aliyefariki mwaka 1982, alituandikia kwa Kiswahili kitabu chake juu ya wanavyuoni wa Kishafi wa Mashariki ya Afrika. Asiyekisoma kitabu hicho hajui deni tulilonalo kwake. Hata hivyo, Sheikh Farsy aliandika zaidi habari za Unguja, Lamu, Mombasa na visiwa vya Ngazija. Bara ina nafasi ndogo mno humo, na mtu wa Ujiji akitafuta masheikh wa mji wake atafunga kitabu akiwa na njaa.

Pengo hilo ndilo lililozibwa na magazeti, kwa kadiri yalivyoweza. Mambo Leo, lililoanzishwa na serikali ya Waingereza mwaka 1923, lilipokea habari na barua kutoka miji ya bara kwa mikono ya makarani na walimu wa huko huko. Lilikuwa gazeti la mkoloni, na hilo lisisahaulike, lakini ndani yake mna majina ya watu ambayo hayakuandikwa popote pengine. Kisha yakaja magazeti ya Waafrika wenyewe, kama Zuhra la Mashado Plantan pale Dar es Salaam katika miaka ya kupigania uhuru. Na katika zama zetu zikaja makala za Mohamed Said katika An-Nuur na kwingineko, pamoja na kitabu chake juu ya Abdulwahid Sykes kilichotoka kwa Kiingereza mwaka 1998 kisha kikafasiriwa kwa Kiswahili.

Tumemtaja Mohamed Said kwa makusudi, kwani yeye ndiye aliyewafundisha wasomaji wengi wa Kiislamu kuwa historia ya nchi inaweza kuanzia barazani kwa familia, katika picha ya ukutani, katika nyaraka zilizowekwa kabatini, na katika taazia. Historia rasmi ilikuwa imewapita wazee wengi wa Gerezani na Kariakoo kana kwamba hawakuwapo. Yeye akawarudisha kwa majina yao, akataja aliyempa habari na nyaraka alizozishika. Hilo ni jambo kubwa. Tofauti baina ya mwandishi anayesema "nimeambiwa na fulani, naye alikuwapo" na mwandishi anayesema "inasemekana" ni tofauti baina ya sanad na uvumi. Katika kata tulizonazo sisi za habari za huku ziwani, neno "inasemekana" limejaa kama dagaa katika nyavu usiku wa giza.

Lakini hata palipo na sanad kazi haijaisha. Habari nyingi za aina hii hupokewa na mwana kutoka kwa baba yake kutoka kwa babu yake. Wanafunzi wa hadithi wanaijua vyema sanad ya Amr bin Shuaib, kutoka kwa baba yake, kutoka kwa babu yake. Wanachuoni walibishana juu yake kwa mambo mawili. La kwanza ni huyo "babu": je, ni babu wa Amr, yaani Muhammad, ambaye hakumdiriki Mtume (s.a.w.), au ni babu wa Shuaib, yaani Abdullah bin Amr bin al-As (r.a.), aliye Sahaba? La pili ni kuwa familia ile ilikuwa na sahifa iliyoandikwa, na baadhi ya wanachuoni wakahofia kuwa yaliyopokewa yalisomwa tu katika karatasi bila ya kusikiwa kwa mwenyewe. Wengi waliikubali sanad hiyo, lakini baada ya kuichunguza. Ikiwa ukoo wa Sahaba ulichunguzwa namna hiyo, basi ukoo wa mfanyabiashara wa Ujiji usione tabu kuulizwa maswali mawili matatu.

Na liko jambo jingine katika fiqhi yetu ya Kishafi ambalo waandishi wa magazeti hawalizingatii. Shahada ya mtoto kwa manufaa ya mzazi wake haikubaliwi, wala ya mjukuu kwa manufaa ya babu, kwa ajili ya tuhuma ya upendeleo. Akishuhudia dhidi yake, hukubaliwa. Sisemi kwamba makala ya gazeti ni shahada mbele ya kadhi. Riwaya ina mlango mpana kuliko shahada. Lakini hekima ya hukumu hiyo inafaa kubebwa mpaka huku: mjukuu akituandikia kuwa babu yake alikuwa tajiri, mkarimu na mcha Mungu, tunamsikiliza kwa adabu, akituandikia kuwa babu yake alikula mali ya yatima kisha akatubia, hapo tunakaa vizuri na kuandika. Tazama sura ya maisha ya Kleist Sykes iliyoandikwa na mjukuu wake, Daisy Sykes Buruku, katika kitabu kilichohaririwa na John Iliffe mwaka 1973. Kuna mapenzi ya mjukuu humo, lakini anaeleza wazi kuwa ukoo ulianza na askari mamluki wa Kizulu aliyeletwa kutoka Msumbiji na Wissmann ili kuwapigania Wajerumani. Familia iliyokuja kuwa nguzo ya harakati dhidi ya ukoloni haikuficha kuwa shina lake lilifika na jeshi la mkoloni. Mtu akisoma hilo, huliamini na lile linalofuata.

Ama kata zetu za Ujiji, ugonjwa wao mkubwa ni tarehe. Inajulikana kisa cha al-Khatib al-Baghdadi, aliyefariki mwaka 463 H. Uliletwa waraka uliodaiwa kuwa wa Mtume (s.a.w.) kuwasamehe jizya watu wa Khaibar, ukiwa na majina ya Sahaba walioshuhudia. Al-Khatib akautazama, akasema ni wa uongo. Alipoulizwa alijuaje, akaonesha kuwa miongoni mwa mashahidi yumo Muawiya, naye alisilimu mwaka wa kufunguliwa Makka, yaani mwaka wa 8, ilhali Khaibar ilikuwa mwaka wa 7. Na yumo Saad bin Muadh, naye alikwisha kufa mwaka wa 5. Waraka mzima uliangushwa na hesabu ya miaka mitatu.

Sasa tuziweke tarehe za Ujiji mezani. Burton na Speke walifika Februari 1858 na kuwakuta wafanyabiashara wa pwani wamekwishatangulia. Livingstone alifika mara ya kwanza Machi 1869, akavuka kwenda Manyema, akarudi mwaka 1871, na ndipo Stanley alipomkuta hapo. Kwa hesabu ya Stanley ilikuwa Novemba 1871, ambayo kwa Hijria ni Shaaban ya mwaka 1288. Mwinyi Kheri, aliyekuwa mkubwa wa mji, alitambuliwa kuwa liwali wa Sayyid Barghash mwanzoni mwa miaka ya 1880 na akafa mwaka 1885. Muhammad bin Khalfan al-Barwani, aliyejulikana kwa jina la Rumaliza, alitamalaki kwingi ziwani mpaka Wabelgiji walipomshinda upande wa magharibi mwaka 1894. Wajerumani waliweka boma Ujiji mwaka 1896. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914, Wabelgiji wakauteka mji mwaka 1916, nao wakawakabidhi Waingereza mwaka 1921.

Mwenye kuzijua tarehe hizi chache ana mizani mkononi. Katika kata moja tuliyonayo, mzee mmoja anasifiwa kuwa alimpokea Livingstone akiwa "mtu mzima mwenye familia" na kuwa alikuwa miongoni mwa waliopanda garimoshi la kwanza na kwenda nalo Tabora. Baina ya mambo hayo mawili kuna miaka 43 au 45. Si muhali, umri ni wa Allah. Lakini mwandishi alipaswa kulihisi hilo na kuuliza kama hapa hawakuchanganywa watu wawili wa jina moja, babu na mjukuu, kama ilivyo ada yetu ya kumwita mtoto kwa jina la babu yake. Tukauliza. Wakawa wawili.

Tena kuna mizani ambayo hatukuiona kwa mwandishi yeyote wa magazeti, nayo ni ziwa lenyewe. Wazee wa zamani walilikuta Tanganyika likiwa juu sana kuliko tunavyoliona. Cameron aliyeufika mdomo wa mto Lukuga mwaka 1874 alikuta umezibwa na majani na matope. Baadaye katika muongo huo kizuizi kile kilibomoka, maji yakaenda Kongo, na ziwa likashuka mita 10 hivi kwa muda usiozidi miaka 20. Ndiyo maana pale panapoitwa Livingstone, palipokuwa karibu na maji wakati ule, leo mtu hutembea hatua nyingi kulifikia ziwa. Kwa hiyo mwandishi anapotuambia kuwa kaburi lililo kule chini, karibu na ufuko wa leo, ni la mwaka 1865, tunamwuliza: je, marehemu alizikwa majini? Na kwa upande mwingine, makaburi yaliyo juu yana haki ya kudaiwa ukongwe zaidi. Mafuriko yaliyoanza mwaka 2020, ambapo maji yalirudi yakaingia Kibirizi na kwingineko, yalitukumbusha kuwa ufuko si mpaka wa kudumu.

Kosa jingine ni dogo kwa sura lakini madhara yake makubwa. Wengi wa waandishi wale hawakusoma tarakimu za Kiarabu vizuri. Tano ya Kiarabu ni kiduara, na aliyezoea tarakimu za shule huisoma sifuri. Jiwe likiwa limeandikwa 1315, yeye huandika 1310. Atasema mtu kuna ubaya gani, ni miaka mitano tu? Mwaka 1310 H ulianza Julai 1892, wakati wa Rumaliza. Mwaka 1315 H ulianza Juni 1897, bendera ya Mjerumani imekwishapandishwa. Marehemu anahamishwa kutoka dola moja hadi nyingine kwa nukta moja, na juu ya nukta hiyo mwandishi anajenga hadithi ya shujaa aliyekufa kabla ya kuuona uso wa mkoloni.

Tunafika kwenye jambo lililotufanya tushike kalamu. Ukizisoma kata hizi zote kwa mkupuo mmoja utadhani Ujiji ilikaliwa na watu kutoka Omani, Mrima na Unguja peke yao. Kila ukoo umetoka ng'ambo ya bahari. Ng'ambo ya ziwa hakutoka mtu. Nani basi walibeba pembe? Nani walipiga makasia, wakalima mashamba, wakawazaa hawa watoto waliojaza vyuo vya Kurani vya Ujiji? Sote tunajua. Walitoka Manyema, Ubwari, Ugoma na kwingine, wengine kwa hiari yao wakitafuta maisha, na wengine wakiwa wameshikwa na kuuzwa. Utumwa haukufutwa kisheria Tanganyika mpaka mwaka 1922. Hiyo ni jana. Sisi wenyewe tumewadiriki wazee waliokuwa wakilipunguza sauti neno hilo likitajwa barazani. Na hata neno "muungwana" lenyewe, katika Ujiji ya wakati wa misafara, lilikuwa likiwakusanya watu wa pwani na waliofuata ada zao, wakiwemo ambao bado walikuwa na mabwana. Wanahistoria wa vyuo vikuu wamelieleza hilo, akiwemo Philip Gooding katika kitabu chake juu ya Ziwa Tanganyika kilichotoka mwaka 2022. Waandishi wetu wa magazeti walilijua kabla yake na wakanyamaza.

Watasema walinyamaza kwa sitara. Tunawaelewa, kwani Mtume (s.a.w.) amehesabu kutukana nasaba za watu kuwa ni katika mambo ya Jahiliya. Lakini ni yeye huyo huyo (s.a.w.) aliyemkemea vikali mtu anayejinasibisha na asiyekuwa baba yake naye anajua. Sitara ni kunyamaza. Kumvika maiti nisba ya kabila la Omani asilokuwa nalo si kunyamaza, ni kusema, tena kusema uongo kwa wino. Na Allah (s.w.) katika Suratul Ahzab, aya ya 5, ameamuru watu waitwe kwa baba zao, na kama baba zao hawajulikani basi ni ndugu katika dini na mawali. Hakusema watafutiwe baba wa kupendeza.

Na wenye elimu ya wapokezi walikuwa na adabu nzuri mno katika hili. Wakimtaja mtu husema ni wa kabila fulani kwa damu, au ni wa kabila hilo kwa wala, yaani uhusiano wa kuachwa huru, au wa ahadi, au wa kusilimu mikononi mwao. Nafi alikuwa mtumwa aliyeachwa huru na Ibn Umar (r.a.), na hadithi zake ziko katika kilele cha usahihi. Ikrima alikuwa wa Ibn Abbas (r.a.). Imam al-Bukhari mwenyewe huitwa al-Jufi ilhali hana damu ya Jufi: babu yake mkubwa alisilimu mikononi mwa mtu wa kabila hilo, nisba ikabaki. Hayo yameandikwa wazi katika kila tarjama yake, na hakuna aliyemwona al-Bukhari amepungua.

Wala hatuhitaji kwenda Bukhara. Bagamoyo inatosha. Sheikh Yahya bin Abdallah, aliyejulikana kwa jina la Sheikh Ramiya, alizaliwa Manyema, akafika pwani akiwa mtumwa mdogo katika nyumba ya al-Lamki. Akasoma, akasomesha, akawa khalifa mkubwa wa Qadiriyya katika pwani ya Tanganyika, akashika hata uliwali wa mji ule, na akafariki mwaka 1931. Watu humiminika Bagamoyo kumzuru. Asili yake haikufichwa na wafuasi wake wala na waandishi, na August Nimtz ameieleza katika kitabu chake cha mwaka 1980. Njia ile ile ya misafara iliyompeleka pwani ilipita kwetu. Tunajiuliza ni akina Ramiya wangapi walibaki Ujiji, wakasomesha watoto chini ya miembe miaka arobaini, kisha makala ya gazeti ikaja kuwaita "al-fulani" na kuwazika mara ya pili.

Wengine hujitetea kwa hadithi kuwa watu huaminiwa katika nasaba zao. Hiyo si hadithi ya Mtume (s.a.w.). Ni kauli inayonasibishwa kwa Imam Malik, na maana yake si kuwa kila dai lichapwe gazetini. Nasaba katika madhehebu yetu huthibiti kwa istifadha, yaani habari iliyoenea, na Imam an-Nawawi (amefariki 676 H) ameweka sharti lake katika Minhaj: isikiwe kwa kundi la watu ambao inaaminika hawakuweza kula njama ya uongo. Mwandishi aliyeketi na mzee mmoja na mwanawe, wakanywa kahawa, hajapata istifadha. Na msomaji anayeyasikia hayo hayo kwa watu ishirini waliosoma gazeti lile lile hajapata istifadha pia. Hao ni mtu mmoja mwenye vinywa ishirini.

Tuseme neno juu ya wanawake, ingawa ni fupi. Katika kata zote tulizozisoma, makaburi ya wanawake yaliyotajwa hayafiki idadi ya vidole vya mkono mmoja, na hao wametajwa kwa kuwa mama wa fulani. Cairo inamjua Sayyida Nafisa, aliyefariki mwaka 208 H, kwa jina lake na elimu yake. Waliowasomesha wasichana wa Ujiji juzuu ya Amma ni akina nani?

Sasa turudi makaburini kwenyewe. Kuna hadithi ya Jabir (r.a.) katika Sahih Muslim ya kukataza kaburi kutiwa chokaa, kukaliwa na kujengewa, na katika riwaya ya at-Tirmidhi kumeongezwa kuandikwa juu yake. Al-Hakim, aliyefariki mwaka 405 H, alisema katika Mustadrak kuwa sanad ni sahihi lakini matendo ya Waislamu si hayo, kwani makaburi ya maimamu mashariki na magharibi yameandikwa. Adh-Dhahabi, aliyefariki mwaka 748 H, akamjibu kuwa hakuna Sahaba anayejulikana kufanya hivyo, bali ni jambo lililozushwa na baadhi ya waliokuja baada yao ambao katazo halikuwafikia. Mashafi wanasema kuandika ni makuruhu, na baadhi ya waliokuja nyuma wameruhusu jina pekee kwa ajili ya kutambulisha. Kwa upande mwingine, Abu Dawud amepokea kuwa Mtume (s.a.w.) aliweka jiwe kichwani mwa kaburi la Uthman bin Madh'un (r.a.) ili alitambue, na amzike karibu naye atakayekufa katika jamaa zake. Jiwe lisilo na maandishi, lakini linatambulisha.

Hapa ndipo tunapoona faida ya kweli ya makala zile. Karatasi ya gazeti haimkanyagi maiti wala haimjengei. Ingeweza kufanya kazi ya lile jiwe: huyu yuko hapa, jamaa zake ni hawa. Tatizo ni kuwa zimefanywa kazi ya ukuta. Makaburi yaliyotolewa kwa ajili ya Waislamu wote, au yaliyozoeleka kuzikiwa na wote, hayana upande wa ukoo. Kujenga humo ni haramu katika madhehebu yetu, na kilichojengwa hubomolewa, kwa sababu kinawabania wengine. Kwa hiyo hata kama kila herufi ya makala ya kijana yule ingekuwa kweli, isingempa ukuta. Ingempa jambo jingine lililo bora: kuwazika jamaa zake karibu na mkubwa wao maadamu kuna nafasi, kwani kuwakusanya jamaa mahali pamoja kuna asili katika Sunna.

Kabla ya kumjibu tulikwenda kwao. Tulimkuta shangazi wa baba yake, bibi mkongwe asiyeona vizuri lakini kumbukumbu yake kali kama wembe. Tulimsomea makala ile. Akacheka. Akasema, "Huyo mlomwandika simjui. Babu alikuwa Mmanyema, akijua Kurani nzima, na alokuwa akimsomesha ndiye alompa jina." Kijana alikuwa amekaa mlangoni, akainamisha kichwa. Njiani tukirudi akatuomba, "Sheikh, hilo usiliandike." Tukamwambia hatutaandika asili ya babu yake kwa vile hakuna aliyetuuliza, na wala hatutaandika ile nisba ya gazetini kwa vile tumekwisha kujua.

Tuliuliza wazee wengine saba wa mitaa mitatu, wasiokuwa na udugu na ukoo huo, kila mmoja peke yake. Wote walisikia kwa wakubwa wao kuwa maalim wa jina hilo amezikwa upande wa miembe, karibu na jiwe jeusi lililolala. Hiyo tuliihesabu kuwa ni istifadha. Barua tuliyompa kijana ina mistari minne: kuwa imeenea kwa wakazi kwamba maalim fulani, mwalimu wa Kurani, amezikwa mahali fulani, kuwa ukoo huu ni kizazi chake, kuwa hakuna katika haya haki ya kujenga wala kuzuia, na kuwa jamaa wakiomba kuzika karibu naye wasaidiwe. Jiwe jeusi tulilisimamisha siku ya Ijumaa iliyofuata, sisi na yeye na vijana wawili wa chuoni, bila ya kuandika kitu. Na kile kipande cha gazeti tulimrudishia, tukiwa tumesahihisha pembeni kwa kalamu ya risasi mwaka wa Hijria, ambao mwandishi alikuwa ameisoma tano yake kuwa ni sifuri.

Wallahu a'lam.